Udongo Uliomwagwa

"Ulimwaga maji machafu, Milcah, ama ulimwaga kazi yangu ya siku tatu?"

"Matope ni matope, Naliaka, hata ukiyasomesha." Milcah alijibu bila kuacha kufua.

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Waithaka ina sheria moja: beseni likikutwa kwenye mfereji wa maji Jumamosi asubuhi ni la anayetangulia. Milcah alitangulia.

Naliaka alikuwa anapika mifuko. Wanga wa mihogo unakorogwa motoni kama uji, unamwagwa juu ya vioo, ukikauka unabanduka mwembamba kama nailoni, na ukifukiwa ardhini unaoza. Lakini wanga mtupu huraruka upesi. Unahitaji udongo mweupe kidogo, uliolowekwa na kukorogwa siku tatu mpaka chembe ziachane, kila moja ishike mahali pake. Hizo siku tatu ndizo zilizokuwa ndani ya lile beseni.

Na Jumapili baada ya kanisa, Gichuru, mwenye duka la mboga Spring Valley, angekuja kuona kama mfuko unabeba kilo mbili. Naliaka alishaacha kazi ya kufua hotelini kwa ajili ya mifuko hii, na sisi tulishamcheka vya kutosha.

Akafanya alichojua si sawa. Alisaga udongo mkavu akautia moja kwa moja kwenye uji.

Gichuru alikuja, na ploti nzima ikatoka kutazama. Akatia viazi, akainua. Mfuko ukashika kidogo, halafu ukaanza kupasuka palipokuwa na kidonge cheupe cha udongo, ukaenda hadi chini. Viazi vikatawanyika uani. Gichuru alikipapasa kile kidonge kwa kidole gumba.

Naliaka alimwomba wiki moja tu. Akaambiwa kwa upole kwamba kuna mtu kutoka mji wa Kikuyu, na huyo analeta mifuko yake kesho.

Hakuna aliyecheka, na sisi ni watu wa kucheka. Gari lilipoondoka, Naliaka alianza kubandua wanga kwenye vioo vilivyobaki, kimoja kimoja, akirarua kila alichobandua. Milcah aliokota viazi vyote, akaviweka karibu naye, akaingia kwake. Baadaye akasimama mlangoni.

"Sijakusamehe," Naliaka alisema bila kugeuka.

"Sijakuomba. Ugali unapoa, dada. Ingia tule."