Makelele ya Saa Kumi na Mbili

Nitasema mapema ili msinihurumie bure: kosa lilikuwa langu. Baba mmoja wa Shauri Moyo na mwanawe aliyekuwa mgonjwa kule Njiru waliitana kila jioni, siku kumi na tisa mfululizo, na neno la kila mmoja lilipaswa kupita kwangu Donholm. Halikupita hata moja. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na daftari langu, naandika "makelele".

Naitwa Mativo. Wakati huo, mwaka wa tisini na sita, nilikuwa karani wa bohari Industrial Area. Lakini zamani nilifanya kazi na kampuni ya kubeba watalii, nikafunzwa redio za mawasiliano, zile za kubonyeza maiki na kusema. Kampuni ilipofungwa, chama chetu cha kufaana kikapata redio zake nne kuukuu. Sisi wengi wetu ni watu wa Ukambani. Tukiuguliwa au tukifiwa, tunabebana. Simu ya nyumbani ungeiomba leo ukaingoja hadi kitindamimba wako aoe. Basi redio tukazigawa. Moja ilikwenda Shauri Moyo, kwenye banda la Mbaluka mchonga vinyago, kwa sababu pikapu ya chama ililala pale na yeye ndiye dereva wake. Moja ilikwenda Umoja kwa Perez, na moja Njiru kwa Kavutha. Ya nne ilikaa kwangu, orofa ya juu kabisa, eriali ikiwa juu ya paa.

Sasa shika jambo hili moja. Shauri Moyo na Njiru hazikusikiana. Ni mbali, na redio zetu hazikuwa na nguvu. Mimi nilizisikia zote mbili, kwa hiyo mtu wa Njiru aliniambia mimi, nami nikamwambia wa Shauri Moyo; nikiwa kazini, Perez alinishikia zamu. Na chaneli ilikuwa moja tu. Mmoja akisema, wengine sharti wangoje.

Chaneli moja, nyumba nne, na sisi hatujui kusalimiana kwa ufupi. Loo! Perez akishika maiki asubuhi, atakuuliza watoto, mbuzi, mvua ya kwenu, kisha akuulize tena watoto. Siku moja mama mmoja alishikwa na uchungu kule Njiru, na Kavutha alikaa nusu saa akijaribu kuita pikapu huku watu wanajadili mbegu za mahindi. Mtoto alizaliwa salama, kwa bahati tu. Mimi nikafura. Nikaketi nikaandika sheria, nikaipeleka nyumba kwa nyumba. Mchana, chaneli ni ya wagonjwa na pikapu peke yake. Neno la mtu binafsi litasemwa saa kumi na mbili kamili jioni, nikishatoka kazini, mara moja kwa siku, kwa dakika moja, kisha unyamaze. Na mimi sitakujibu kwamba nimesikia, maana hayo nayo ni maneno ya kujaza hewa. Ukiona kimya, jua neno lako limepita. Jibu likija, nitakuita.

"Umekuwa serikali," mke wangu Mwelu aliniambia aliposoma. "Saa kumi na mbili kamili, watu wote? Watapitaje mlango mmoja?"

"Wataskizana," nikamwambia. "Akisema huyu, yule atangoja. Kwani ni kuku?"

Hata yeye asiyejua redio aliliona. Mimi fundi sikuliona.

Mbaluka ndiye baba ninayemsema. Mwanawe aliitwa Owen, kijana wa miaka ishirini na saba. Mke wa Mbaluka alipofariki, Owen alikuwa Mombasa, akatumiwa habari, asitokee. Mama akazikwa. Owen akaja miezi mitatu baadaye, kakonda, hana maelezo. Mbaluka akamsimamisha mlangoni mwa banda, mbele ya mafundi wenzake, akamwambia, "Hukuja kumzika mama yako, basi na mimi usije kunizika." Akarudi kwenye patasi yake. Kijana akaenda Njiru kwa Kavutha, mdogo wa mama yake, na huko ndiko alikolala kitandani asiinuke. Ugonjwa wenyewe, miaka ile, watu hawakuutaja. Ukiuliza unaambiwa ni kifua.

Kavutha alipokwenda kumsihi Mbaluka, alijibiwa, "Usinitajie huyo." Hakurudi tena. Ikajulikana chama kizima kwamba Shauri Moyo na Njiru hawasemezani, na katika mikutano tukawakalisha mbali mbali.

Makelele yalianza Jumatatu moja. Saa kumi na mbili kamili, taarifa ya habari inaanza kwa jirani, redio yangu ikatoa mlio mkali wa kukwaruza, kama kisu kwenye sufuria tupu. Dakika nzima, kisha kimya. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Perez, aliyekuwa mtaa wa jirani na kusikia kila ninachosikia mimi, akaniita akilalamika.

"Mativo, hicho kilio kinanitoboa masikio. Si wewe ndiye fundi? Kifunge basi!"

Nikapiga mbiu hewani. "Nani anafanya makelele? Akague redio yake!" Shauri Moyo alisema si yeye. Njiru akasema si yeye. Kila mtu alidhani ni mwingine, nikaandika kwenye daftari: saa 12, makelele.

Jamani, nilifundishwa jambo hili. Watu wawili wakibonyeza kwa pamoja kwenye chaneli moja, sauti zao hazitoki mbili. Hutoka mlio, basi. Na wasiosikiana wao kwa wao ndio hugongana zaidi, kwa sababu kila mmoja anasikiliza, anaona hewa ni tupu, anasema. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini halikunijia, kwa sababu moja tu. Sikuwaza kamwe kwamba mtu wa Shauri Moyo angeweza kuwa na neno na mtu wa Njiru. Hao hawakuwa wakisemezana! Nani asiyejua?

Basi nikatafuta ubovu. Nilikaza nyaya. Nilibadilisha eriali yangu. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Shauri Moyo, nikafungua redio ya Mbaluka, nikaipuliza vumbi la mbao. Mzee alisimama kando akigeuza kijinyago mikononi. Aliniuliza bila kunitazama, "Mativo, neno la mtu, ukishalipitisha, linafika sawasawa?"

"Ukisema saa kumi na mbili kamili, linafika," nikamwambia.

"Na kama hakuna jibu?"

"Kama hakuna jibu, mwenyewe hakujibu. Mimi ni bomba tu, Baba Owen."

Nilimwita hivyo, Baba Owen, na bado sikushtuka. Aliguna, akaniuliza kama ninakunywa chai.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumamosi. Kazi iliisha adhuhuri, nikapanda baiskeli hadi Njiru nikiwa nimeshaamua. Betri ya kule ilikuwa mbovu kuliko zote na eriali yake ilifungwa kwenye kijiti. Kwa hakika ubovu ni wao. Kavutha alikuwa ameenda kuchota maji. Nikabisha, nikaingia. Redio ilikuwa imehamishwa, imewekwa juu ya stuli kando ya kitanda, na kitandani alikuwa Owen. Sikumtambua mara moja. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa.

"Mzee Mativo," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya kukatika. "Nilitaka kukuuliza. Neno langu linafika?"

"Litafikaje na redio yenu inanipigia makelele kila jioni? Mnaharibia watu wote. Ninaichukua hii maiki nikaikague."

"Ngoja." Akajaribu kuinuka, akashindwa. "Niachie leo tu. Saa kumi na mbili. Kesho uchukue."

Mimi huyu, mwenye watoto, nilimtazama mgonjwa yule nikamwambia, "Sheria ni sheria, kijana." Nikachomoa maiki, nikaitia mfukoni, nikampita Kavutha njiani na mtungi wake, nikamwambia nitairudisha Jumatatu. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani kusikia ushindi wangu.

Saa kumi na mbili ikagonga. Mlio haukuja. Nikapiga makofi, nikamwita Mwelu, "Njoo usikie kimya!"

Haikuwa kimya. Mahali palipokuwa na makelele palitoka sauti ya mwanamume, safi kabisa, kana kwamba ameketi nasi mezani.

"Donholm, Donholm, hapa ni Shauri Moyo. Ni Mbaluka. Nina lile neno langu la Njiru. Mwambie Owen baba yake anauliza kama anaweza kuja kumwona. Mwambie yale niliyosema mlangoni, niliyasema kwa uchungu wa mama yake. Akinyamaza nitajua hataki. Nimehesabu, leo ni ya ishirini. Akinyamaza na leo sitamsumbua tena. Ni hayo tu."

Mwelu alinitazama. Maiki ya Njiru ilikuwa hapo mezani kando ya kikombe changu. Nilishika yangu, na sheria zangu zote zikaenda zake.

"Baba Owen, usiondoke hapo! Hakunyamaza. Alikuwa anasema! Mlikuwa mnasema pamoja, wewe na yeye, dakika ile ile, nikawasikia kama makelele. Njoo na pikapu. Njoo sasa hivi."

Baada ya robo saa nilisikia honi chini. Nikashuka mbio, nikapanda kando ya Mbaluka. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nywele, na kile kijinyago mfukoni. Tulipopita Kayole aliniuliza, "Alikuwa anasema nini?" Nikamwambia sijui. Ni Kavutha aliyetuambia, mlangoni, kabla hatujaingia. Kila jioni kijana alisema maneno yale yale: mwambie baba aje, na kama bado amekasirika, anyamaze tu, nitaelewa.

"Leo alikaa na mkono wazi akingoja maiki," Kavutha akasema. Hakuwa akinigombeza, na ningetamani anigombeze. "Saa kumi na mbili ilipopita akageukia ukutani. Tangu hapo ukimsemesha hajibu."

Mbaluka aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamgeuza mwanawe kwa upole. Kijana alikuwa moto. Macho yalikuwa wazi nusu lakini hayakumtazama mtu. Baba yake akamwambia yote, siku zote ishirini, akirudia na kurudia, kwa Kikamba, akimwita jina la babu yake walilomwita alipokuwa mtoto. Akamtia kijinyago mkononi, akavifunga vidole vyake juu yake. Nilipoona vidole vinafunguka vyenyewe, nilitoka nje nikalia kando ya pikapu kama mtoto.

Tulimpeleka hospitali usiku huo huo. Hakusema tena. Alfajiri ya Jumatatu akatutoka, na hakuna anayejua kama alimsikia baba yake au hakumsikia.

Siku iliyofuata niliandika sheria upya. Shauri Moyo, saa kumi na mbili. Umoja, na dakika mbili. Njiru, na dakika nne. Na kila neno mimi nijibu kwamba nimelisikia. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kikombe kimoja! Niliitazama ile karatasi nikatamani kuitafuna.

Tulimzika nyumbani kwao, kando ya mama yake. Watu walipokuwa wakitawanyika kwenda kula, Mbaluka alinishika kiwiko akanivuta pembeni. Nikadhani sasa atanitukana, na nilikuwa tayari.

"Mativo," akasema, "wewe ulikwenda pale Jumamosi mchana. Alikuwa bado anasema?"

"Alikuwa anasema, Baba Owen."

"Mimi sijasikia sauti yake tangu siku ile ya mlangoni. Na siku ile mimi ndiye niliyesema, yeye hakusema kitu. Nipe kile alichokuambia. Vile vile alivyokisema. Usiongeze."

Niliwaza kumdanganya. Mungu anajua nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, wa kumtuliza mtu. Lakini kazi yangu yote ilikuwa kupitisha neno, na hili ndilo ombi pekee la Owen nililolisikia likiwa zima.

"Alisema, 'Niachie leo tu.'"

Mzee alilirudia polepole, midomo ikienda, kama anayelijaribu kwa sauti ya mwanawe. Kisha akaniuliza, "Nawe ukamwambia nini?"

Nikamwambia.