Lebo Juu ya Jina

Nilikuwa nimefika katikati ya rundo la tatu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unabandua lebo nyeupe kutoka kwenye karatasi yake, unaishika kwa ncha, unailinganisha na jina la jarida, kisha unaipitishia kidole gumba mara moja ili hewa isibaki ndani. Ukimaliza, mstari mmoja wa maneno umetoweka kwenye jalada. Mstari huo ulisema: jarida la wanawake wa Kiyahudi.

Jina la juu lilibaki, kwa Kiswidi: Tröskeln, yaani Kizingiti.

Upande wa pili wa meza alikaa Judit Fränkel, mhariri wetu, ambaye alianzisha jarida hili pamoja na wenzake wawili, sasa marehemu. Alikuwa akibandika haraka kuliko mimi. Chumba chetu kilikuwa chini ya jengo la nyumba za kupanga katika kitongoji cha Farsta, kando ya chumba cha kufulia, na siku nzima tulisikia mashine za majirani zikizunguka.

Alhamisi ya wiki hiyo chuo kikuu kingekuwa na siku ya machapisho ya wanawake. Toleo letu jipya lilihusu chuki dhidi ya Wayahudi vyuoni, kwa hiyo tulitaka kuwa pale kuliko mahali pengine popote. Kamati ya wanafunzi ilikubali tupewe meza, ila iliomba tufunike ule mstari. Kwa usalama wenu, waliandika. Mwaka uliotangulia mtu alikuwa ameandika matusi kwenye kitambaa cha meza yetu. Isitoshe, huu ulikuwa mwaka 2009, majira ya baridi ya vita vya Gaza, na hali ilikuwa imechacha. Judit alikuwa na maoni yake kuhusu vita vile. Aliyasema hadharani na akapoteza marafiki wa pande zote mbili. Kamati haikumuuliza maoni yake. Ilisoma jalada tu.

Judit aliponiambia amekubali, nilikwenda kutafuta lebo. Katika ofisi ile kufunika hakukuwa jambo geni. Kila toleo lilitumwa kwa posta ndani ya bahasha za kahawia zisizo na jina la mtumaji. Nilipoanza kazi ya kupanga kurasa nilibuni bahasha nzuri yenye nembo yetu. Judit aliitazama akaisifu, halafu akasema, "Wasomaji wetu wengi ni wazee, Wanjira. Hawataki majirani wajue." Nikaiweka kando.

"Hodi! Anti, bado mko hai huku shimoni?"

Ilikuwa sauti ya Stellah, binti Mkenya niliyefahamiana naye kanisani. Alikuwa akisoma shahada ya pili na alikuwa mjumbe wa hiyo kamati. Alikuja na mfuko wa maandazi ya mdalasini, akamsalimia Judit kwa Kiswidi, kisha akachukua nakala moja iliyokwisha kubandikwa.

"Kizingiti tu? Sasa watu watadhani mnauza milango."

"Kaa, Stellah. Nieleze kitu. Vikundi vingine navyo vimepewa lebo?"

"Vipi hivyo?"

"Wakurdi. Wale akina mama wa Irani. Wanawake wa kanisa."

"La. Kwani wao wana shida gani?"

"Hilo ndilo ninalouliza."

Aliweka andazi chini. "Anti, usinianze. Kile kikao kilinimaliza. Kuna waliosema msipewe meza mpaka mtoe tamko kuhusu vita. Mimi ndiye niliyebishana nao mpaka ikawa lebo tu. Lebo! Nilidhani mtanishukuru."

"Tunakushukuru. Na yule aliyechafua kitambaa chetu alifanywa nini?"

"Hatumjui ni nani."

"Alitafutwa?"

Stellah aliangalia dari. "Wewe maswali yako yanakuja polepole, halafu yanachoma."

Judit aliuliza tunazungumza nini. Nikamweleza kwa Kiswidi. Hakuacha kubandika.

"Makala ni muhimu kuliko jalada," alisema. "Wakilifungua, watasoma. Mama yangu alilitoa jarida hili kwenye bahasha isiyo na jina miaka yote, na hakukosa hata sentensi moja."

"Noomi anasemaje?" nikauliza.

Mkono wake ukasimama. Nikaelewa kwamba Noomi hakuwa ameambiwa.

Noomi ndiye aliyeandika makala ya kwanza. Alikuwa mwanafunzi palepale chuoni. Siku moja kwenye semina alisimama kueleza utafiti wake kuhusu mishahara ya wanawake wa viwanda vya nguo, na mwenzake akamkatiza: kwanza tuambie msimamo wako kuhusu vita, ndipo tukusikilize. Mwalimu akaitazama saa yake. Noomi akakusanya karatasi zake akaketi. Tulimshauri aandike kwa jina la kubuni, akakataa. Jina lake na picha yake vilikuwa ukurasa wa kwanza, na Alhamisi yeye ndiye angekaa kwenye meza.

Judit alimpigia, akaweka simu katikati yetu, sauti ikiwa juu. Alimweleza vizuri, bila kuficha.

"Hizo lebo mnabandika nyinyi?" Noomi akauliza.

"Sisi."

"Si wao?"

"Wao wameomba tu, mpenzi."

"Yule wa kwenye semina naye aliomba tu."

Judit alifumba macho. "Noomi, tukikataa hatutakuwa na meza. Hakuna atakayesoma ulichoandika."

"Basi wasisome. Mimi siwezi kukaa pale na kitu hicho mbele yangu, mtu akifungua anione nikisema sitafichwa, akifunga aone nimefichwa. Sikukasirikii, Judit. Ila sitakuja."

Akaaga kwa heshima akakata simu.

Nilichukua nakala moja na kujaribu kubandua lebo, taratibu, kuanzia pembeni. Ilitoka na ngozi ya karatasi pamoja na wino wote. Nikajaribu nyingine. Vilevile. Pale palipokuwa na maneno pakabaki kovu jeupe lenye manyoya.

"Lebo gani hizi?" Judit akauliza kwa ukali ambao sikuuzoea.

"Zile za anwani. Ndizo tulizokuwa nazo."

"Hukuweza kutafuta za gundi nyepesi?"

"Hukusema zitabanduliwa."

Alinitazama, kisha akasukuma rundo lake mbali naye. "Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Si wewe."

Nilifikiri kidogo kabla ya kusema. "Bahasha waliomba wasomaji wenyewe, Judit. Hii imeombwa na watu ambao hawajawahi kutusoma."

Judit alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. "Jalada linaweza kuchapwa upya?"

"Linaweza, kwa printa yetu. Ila karatasi nzito imekwisha. Duka la mjini linafunguliwa kesho. Halafu itabidi kung'oa pini mbili za kila nakala, kuvua jalada, kuvika jipya na kupiga stepla kwenye matundu yaleyale."

"Zote?"

"Zote tulizobandika."

Stellah alikuwa amekwisha kutoka kwenda kwenye korido kumpigia mwenyekiti wa kamati. Tulisikia sauti yake ikipanda, ikashuka, ikapanda tena. Aliporudi uso ulikuwa umemvimba.

"Bila lebo hakuna meza. Amesema niilete hoja kikaoni kesho asubuhi, kama nina muda wa kuwapotezea." Akavaa koti. "Anti, hizo lebo zilizobaki nipe."

"Za nini?"

"Nitamwekea kila mjumbe lebo moja mbele yake. Abandike juu ya jina la kikundi chake, kwa usalama wake. Tuone."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Nitakuja kuuza milango na nyinyi."

Akaweka karatasi za lebo mkobani akaondoka. Hakuna aliyejua kama angefaulu. Mimi nilidhani hapana, na nadhani hata yeye.

Judit alichukua kisu kidogo cha kufungulia barua akaanza kung'oa pini. Mikono yake ilikuwa na baridi yabisi na pini zilikuwa ndogo. Nilitaka kumpokea kisu, akatikisa kichwa. Kwa hiyo nikachukua bisibisi bapa, nikafanya upande wangu. Majalada yenye lebo tuliyatupa sakafuni. Majarida yasiyo na jalada tuliyafunga kwa mpira ili kurasa zisiteleze. Juu ya kila fungu sasa ulikuwa ukurasa wa kwanza, na Noomi akitutazama.

Hatukufika mbali. Jirani alipokuja kutoa nguo zake mashineni, Judit alikuwa amejichoma kidole mara mbili na rundo la kwanza lilikuwa bado halijaisha. Nilimfunga plasta. Noomi hakupokea simu alipopigiwa tena. Stellah hakuwa ameandika lolote.

Niliyafunika mafungu kwa gazeti, yasipate vumbi, kisha nikaona nimemfunika Noomi, nikaliondoa gazeti. Karatasi kwanza, asubuhi, duka likifunguliwa. Halafu majalada. Rundo la tatu lilikuwa bado na pini zake zote.