Sifa za Swali la Saba

Wanafunzi walimwita Bi Rula, maana hakuna kitu alichokiacha bila kukipigia mstari. Mwalimu huyo wa hesabu alikuwa na mtindo wake wa kusahihisha: aliyapanga madaftari kwa alama za mtihani uliopita, la kinara juu, la mkia chini kabisa. Ya juu aliyaandikia maneno matamu ndani ya jalada la nyuma. Akifika chini mkono umechoka, moyo ndio usiseme, anatupia namba na kufunga. Wala hakuona ubaya. Asifiwe hodari, au sivyo?

Daftari la chini, muhula mzima, lilikuwa la binti wa fundi cherehani, mpole hadi wenzake walimwita Kimya. Jina lake lilishaingia kwenye orodha ya watakaorudia darasa. Lilibaki jaribio moja tu. Asipofikisha hamsini, basi tena.

Siku moja mhudumu wa ofisi alileta chai, akaipiga meza kikumbo, madaftari yakamwagika sakafuni. Bi Rula akaokota la kinara alilokwisha kulisahihisha, au alilodhani ni hilo, akaandika nyuma: "Swali la saba umelifanya kwa akili yako mwenyewe. Umenifurahisha. Nina imani nawe."

Wiki iliyofuata Kimya alinyoosha mkono darasani, watu wakageuka kumtazama. Akanyoosha tena kesho yake. Kwenye jaribio akapata sitini na moja.

Bi Rula hakufurahi, alishuku. Alimwita ofisini na daftari lake, akitafuta alikonakili. Akalipekua ukurasa kwa ukurasa mpaka jalada la nyuma, akakutana na mwandiko wake mwenyewe. Aibu ikamshika. Muhula mzima hakuwa amemwandikia mtoto huyu neno hata moja, na haya machache yalikuwa ya mtu mwingine.

"Mwanangu, haya maneno..."

"Najua, mwalimu. Si yangu. Swali la saba mimi sikuligusa kabisa."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ile ile. Nikasema basi nilifanye, yawe yangu."

Akamfungulia katikati ya daftari. Swali la saba lilikuwepo mara nne: mara tatu limekatwa, mara ya nne limefikia jibu. Tena kwa njia ambayo Bi Rula hakuwahi kuifundisha. Hapakuwa na alama ya vema popote.

"Mbona hukuniletea nisahihishe?"

Kimya aliinamisha kichwa. "Niliogopa ungeyafuta yale maneno."

Bi Rula alichukua kalamu. Kisha akaweka vema kwenye jibu la nne, akafungua jalada la nyuma, na chini ya maneno yale akaandika tarehe ya siku hiyo, yawe ya Kimya sasa. Ile orodha ya watakaorudia darasa akaivuta karibu, akachukua rula, akalikata jina la Kimya kwa mstari ulionyooka.