Vidole Viwili Chini ya Mkanda

Nilirudi mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza niliangalia kitasa, mara ya pili jiko, na mara ya tatu nilitaka kujua kama nilipokuwa naangalia jiko sikuuacha mlango wazi. Binti yangu alikuwa ndani ya gari ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Akikasirika hasemi. Hilo alilirithi kwa marehemu baba yake, maana kwangu mimi hakuna ukimya wa kurithi.

"Mama," alisema nilipoketi, "leo nakuomba sana. Watu ishirini na wanne wanakuja kupanda farasi, na kila mmoja ana dakika zake kumi na tano. Ukianza mambo yako, siku nzima itavurugika."

"Mambo gani?"

"Unayajua."

Nayajua, nalala nayo na kuamka nayo. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mkaguzi wa mwisho katika kiwanda cha nguo. Shati lilipita kwa washonaji wote, likaja kwangu, nikavuta kila kifungo kwa vidole hivi, na kilichong'oka kilirudi kwa mshonaji wake pamoja na maneno yangu. Wakati ule hakuna aliyesema naumwa. Walinilipa, na nilipostaafu wakanipa saa ya ukutani. Sasa vidole havina kifungo cha kuvuta, basi vinavuta kila kitu: makomeo, swichi za jiko, zipu za mikoba ya watu.

Binti yangu ndiye msimamizi wa mahali pale. Watu ambao miguu au migongo yao haiwatii huletwa kupandishwa farasi, kwa sababu mwendo wa farasi huufundisha mwili mambo ambayo kiti cha magurudumu hakiwezi. Wasaidizi wote ni wa kujitolea. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Jumamosi hiyo ni ya majaribio. Nikiweza, nitakuja kila wiki. Nikishindwa, nitabaki nyumbani na wifi yangu atakuja kila Jumamosi kunichunga. Kuchungwa na wifi yangu! Heri wanifungie stoo na panya.

Tulipofika, binti yangu alitangulia kuelekea bandani, akichechemea. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua, lango la mbele likawa wazi, akatoka barabarani, gari likamgonga. Komeo la lango lile lilikuwa juu, usawa wa kifua changu, na mtoto wa miaka minne asingelifikia. Kwa hiyo niliyeliacha wazi ni mimi, niliporudi kutoka dukani. Ndivyo wifi yangu alivyosimulia kwenye kila harusi na kila msiba kwa miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumbishia. Siku ile naikumbuka yote: povu mikononi, mlio wa breki, ndoo iliyonikwaza karibu na lango nikaanguka kwa magoti. Kitu kimoja tu sikikumbuki, nacho ni kama nilisukuma komeo au sikulisukuma.

Bandani nilikabidhiwa kwa fundi friji. Siku za kazi anatengeneza friji za watu, Jumamosi anashika kamba ya farasi. Farasi wetu alikuwa wa kahawia, mnene, na kila mtu alimwita Mzee.

"Huyu ni mpole, Mama, ila mjanja," fundi friji alinieleza. "Ukimwekea tandiko na kukaza huu mkanda wa tumbo, anavuta pumzi, anajaza tumbo. Wewe unaona umekaza. Ukigeuka tu, anaishusha, mkanda unalegea. Mtu akipanda hapo, tandiko linazunguka naye anakwenda chini. Kwa hiyo unakaza, unamtembeza hatua kumi, unarudi unakaza tena. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Vikipita vitatu, bado."

"Narudi kukagua?"

"Lazima."

"Kila mara?"

"Kila mara. Asiyerudi hatumtaki hapa."

Nusura nimkumbatie. Tangu nistaafu, hakuna mtu aliyekuwa ameniamuru nirudi.

Asubuhi yote nilifanya kazi kama niliyezaliwa nayo. Nilikaza, nikatembeza, nikakaza tena. Nilimpandisha mzee aliyepooza upande mmoja, na dada asiyeona aliyemnusa farasi shingoni kabla ya kukubali kupanda. Binti yangu alipita mara mbili, akatazama, akaendelea na shughuli zake. Mara ya pili alitabasamu kidogo. Nikajiona nimeshapata kazi.

Saa tano akaja Rubani. Jina hilo walimpa wenyewe, kwa sababu akiwa juu ya farasi hutangaza kila kona kama nahodha wa ndege anayezungumza na abiria. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, miguu na mkono mmoja vimekakamaa tangu kuzaliwa, na maneno humtoka polepole lakini yakiwa na pilipili.

"Leo namaliza mizunguko mitatu," aliniambia kutoka kwenye jukwaa la mbao wanapopandia. "Sijawahi kuvuka mmoja na nusu. Mgongo wangu unakata tamaa kabla yangu. Halafu nimelala na kifua wiki nane, Bibi. Wiki nane nautazama ukuta. Leo sitaki mchezo."

Nikakaza mkanda. Nikamtembeza Mzee hatua kumi. Hapo Rubani akaita, "Bibi, hii kofia inaninyonga!" Nikapanda jukwaani kumlegezea utepe wa kidevuni. Akasema vidole vyangu baridi kama vya daktari wa meno, tukacheka, wakampandisha, fundi friji akachukua kamba, wakaingia uwanjani.

Nikafunga lango la uwanja. Nikasukuma komeo, nikalivuta, nikalivuta tena. Ndipo likanijia swali. Nilirudi kukaza mara ya pili, au sikurudi?

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka kofia. Nilikumbuka tundu la tatu la mkanda, lakini lile lilikuwa la Rubani au la dada asiyeona? Vidole vyangu vilikumbuka ngozi ya mkanda, ila vilikuwa vimeigusa mara kumi asubuhi ile na kila mara ilikuwa ile ile. Nilishika uzio, nikauachia, nikaushika. Nikaenda mpaka kona, nikarudi. Ni yale mambo yangu, nilijiambia. Ni jiko lile lile ulilorudi kuliangalia asubuhi. Umekaza, mwanamke, tulia.

Na kama siyo yale mambo yangu?

Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Wasiwasi wa kweli na wa uongo kwangu unapiga hodi kwa sauti moja.

Rubani alimaliza mzunguko wa kwanza. "Abiria wapendwa, tunaelekea kona ya kushoto," alitangaza. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nikakodolea macho tandiko. Lilicheza kidogo kulia, halafu nikaona halikucheza, ni Mzee tu anatembea. Ng'ambo ya uwanja binti yangu aliniona. Alinijua. Akatikisa kichwa taratibu: usithubutu.

Sheria ya pale ni kwamba hakuna kupiga kelele, kwa sababu farasi hushtuka. Ukiona hatari unainua mkono juu, mshika kamba anasimama hapo hapo, na aliyepanda anashushwa. Akishashushwa, zamu yake imekwisha, maana mwingine anasubiri. Mzunguko wa pili ulikuwa umefika katikati. Rubani alikuwa ameachia tandiko kwa ule mkono wake mzuri na kuuweka pajani, anaendesha kwa mgongo peke yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Niliinua mkono.

Fundi friji akasimama. Binti yangu akavuka mchanga, mguu mmoja ukichora mstari nyuma yake. Akainama, akapitisha vidole chini ya mkanda. Viwili vilipita. Cha tatu kiligoma.

"Umekazwa," alisema, bila kunitazama.

Walimshusha. Rubani hakulia, na afadhali angelia. "Ndege ilikuwa inakwenda vizuri, Bibi," alisema, "na hali ya hewa ilikuwa safi."

Nilikwenda kwenye chumba cha matandiko, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Nilifungua zipu, nikaifunga, nikaifungua. Binti yangu akaingia, akaegemea mlango.

"Mpigie wifi yangu," nilimwambia. "Mwambie aje Jumamosi. Aje hata kesho, aje na godoro lake. Nimekuaibisha mbele ya watu, nimemnyang'anya yule mtoto siku yake. Lakini ningefanyaje? Sikukumbuka! Ndivyo nilivyo. Sikukumbuka mkanda kama nisivyokumbuka lile lango. Nikikaa kimya, mtu ataumia tena kama ulivyoumia wewe."

"Mama, acha habari za lango."

"Siachi! Nililiacha wazi, na wewe unatembea hivyo mpaka leo."

"Hukuliacha wazi."

"Usinifariji kama mgonjwa."

"Sikufariji." Sauti yake ilikuwa ndogo ghafla, ya mtoto. "Lilikuwa limefungwa. Nililifungua mimi. Niligeuza ndoo moja ya kufulia, nikapanda juu yake."

Nilikuwa nimeshika brashi ya farasi, sijui niliichukua saa ngapi. Ile ndoo ilirudi machoni pangu, imegeuzwa chini juu, karibu na lango, mahali ambapo haikuwa na kazi yoyote. Niliirudisha mwenyewe nyuma ya nyumba siku mbili baadaye, nikaisuuza, nikaendelea kufulia. Mkaguzi mzima, nilijikwaa kwenye ushahidi nikaupangusa vumbi.

"Unakumbuka?" niliuliza.

"Nakumbuka ndoo. Nakumbuka komeo lilikuwa gumu, nikalivuta kwa mikono miwili."

"Na ulinyamaza."

"Mwanzoni niliogopa kuchapwa. Halafu niliona watu wote wananihurumia, na wewe huniachi hata dakika moja, unalala nami, unanilisha. Nikapenda, Mama. Halafu nikakua, na kila mwaka likazidi kuwa zito kusema. Shangazi akisimulia harusini, nilikuwa natoka nje."

"Miaka thelathini na moja!"

"Ndiyo."

Nilitaka kumzaba kofi, mtu mzima na mvi zake mbili za mbele. Niliitupa brashi, ikagonga ukuta, ikadondokea ndoo ya shayiri. Miaka thelathini na moja nimelala na komeo kichwani! Nimesemwa, nimenyamaza, nimeinamisha uso mbele ya ukoo mzima, na mwenye siri anakula kwenye meza yangu. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo siyaandiki hapa. Alisimama akiuegemea mguu wake mzuri, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na hasira yangu ikaendelea kupiga kelele hata baada ya mimi mwenyewe kuanza kuchoka. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, chepesi mno, ambacho sikukiamini. Nilikuwa nimesukuma komeo.

"Njoo hapa," nilimwambia mwishowe. Alikuja. Nilimfuta pua kwa leso yangu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Fundi friji alibisha mlango uliokuwa wazi. "Samahani. Yule wa saa tisa amepiga simu, haji. Rubani bado yupo, anaitaka hiyo nafasi. Ila ana sharti."

"Lipi?" binti yangu aliuliza huku akijifuta.

"Mkanda akaze Bibi yule yule. Anasema wengine wanakagua kwa sababu wameambiwa, yule anakagua kwa sababu hapati usingizi. Bila yeye hapandi."

Binti yangu alinitazama. "Utatembea pembeni pia," alisema. "Mkono wako kwenye kifundo cha mguu wake, huuondoi mpaka mwisho. Huwezi kurudi kuangalia kitu chochote. Utaweza?"

"Sijui," nilimjibu, na huo ndio ukweli.

Saa tisa nilikaza mkanda, nikamtembeza Mzee hatua kumi, nikakaza tena. Nilihesabu vidole kwa sauti, Rubani akahesabu pamoja nami. Tukaingia uwanjani. Binti yangu alibaki nyuma kufunga lango, na nilisikia chuma kikigusa chuma, lakini kulisikia komeo siyo kulivuta. Miguu ilikwenda mbele, shingo ikataka kurudi nyuma.

Mzunguko wa kwanza, tulipopita lango nililitazama. Komeo lilikuwa ndani. Mzunguko wa pili nililitazama tena, nikaona aibu, nikalitazama mara nyingine. "Bibi, unanibana mguu," Rubani alisema. Nikalegeza. Tulipovuka pale nilipomsimamisha asubuhi, aliacha kutangaza. Nilisikia pumzi yake tu, fupi fupi. Bega lake la kulia lilianza kuinama, likainuka, likainama, likainuka. Nilijikuta navuta pumzi kila alipovuta. Katikati ya mzunguko wa tatu mgongo wake ulitetemeka kama uzi unaotaka kukatika, nami nikauangalia mshono mmoja baada ya mwingine mpaka jukwaani.

"Tumetua," alisema Rubani. Sasa alilia, na fundi friji naye alikuwa anajipangusa macho akisingizia vumbi.

Ndipo nilipogundua kwamba mzunguko huo wa tatu sikuliangalia lango. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikageuka haraka.

Binti yangu alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha, mkono wake juu ya komeo.