Mbayuwayu wa Dirishani

Asubuhi zile za mwisho wa msimu, mbayuwayu walijipanga kwenye waya nje ya chumba changu cha kushonea, bega kwa bega, kama watu wanaosubiri kuitwa.

Mama alikuwa akiwatazama bila kuwaona. Macho yake yalikuwa yakififia, na daktari alishasema hayatarudi. Kitu kikubwa alikiona bado, akikisogeza mpaka puani.

"Miaka yote wanapita juu ya kichwa changu," alisema, "na sijui hata wana sura gani. Wakirudi mwakani, mimi nitakuwa gizani."

Ndiyo maana nikajiandikisha darasa la jioni la kupiga picha, mimi na mvi zangu, katikati ya vijana walioniita Bibi Lenzi. Mwalimu akaniazima kamera ya darasa.

"Bibi, siri ni kutulia," aliniambia. "Ndege akisikia hata pumzi yako, umemkosa."

Nikatii. Nilifunga mlango, nikatundika pazia dirishani, nikapitisha lenzi kwenye tundu nililolikata. Nikasali kimoyomoyo: Mungu wangu, ninyamazishie dunia. Ikanyamaza kweli. Vumbi lilielea kwenye mwanga polepole, kana kwamba nalo linasali. Lakini mbayuwayu waliinuka wote, wakaenda kutua kwenye nguzo za mbali. Kesho yake ikawa vilevile. Na kila kulipokucha walikuwa wamepungua. Wengine walishashika safari.

Nilikuwa bado nimejificha pale mteja wangu, bibi harusi mtarajiwa, aliposukuma mlango.

"Fundi! Gauni langu liko wapi? Au siku ya harusi nivae hilo pazia?"

"Lina tundu, mwanangu."

"Basi shona, nangoja hapahapa."

Nikavuta pazia pembeni nipate mwanga, nikaketi kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga. Sijamaliza mkono mmoja wa gauni, kivuli kikapita kwenye kitambaa. Nikainua macho. Mbayuwayu alikuwa ametua kwenye waya, karibu kabisa, akijichana bawa kwa mdomo. Akaja mwingine, na mwingine. Nikasimamisha miguu, wakainua vichwa, tayari kuruka. Nikakanyaga tena, wakatulia.

Hapo nikaelewa. Siku zote walipumzika pale wakisikia cherehani. Kilichowatisha ni ukimya wangu.

"Kanyaga, fundi, kanyaga," mteja alininong'oneza. Gauni alishalisahau.

Nikalichomoa chini ya sindano. Nikaweka kamera juu ya rundo la vitambaa kwenye kizingiti cha dirisha ili isitikisike. Miguu ikaendelea na kazi yake, mikono nayo ikapiga picha. Sijui kama nilisali. Nadhani kule kukanyaga ndiko kulikosali.

Mwalimu aliichapa picha kubwa kama meza. Mama aliiinamia, pua ikikaribia kugusa karatasi, akamfuata ndege taratibu kuanzia mkiani: manyoya yenye vumbi la safari, koo la rangi ya kutu, jicho.

"Huyu si ndege, huyu ni wifi yangu! Tazama alivyonuna."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akafumba macho. Nilidhani amechoka, nikashika ncha ya karatasi ili niikunje.

"Iache kwanza," alisema, macho yakiwa yamefumbwa. "Bado namwona."