Jeli ya Taimi

Ilikuwa alasiri tu, lakini giza la majira ya baridi lilikuwa limeshaingia, na theluji inafika magotini. Taimi Korpela alimkuta mzee Urho, jirani wa mama yake, amekaa kwenye ngazi za sauna, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na taulo kiunoni, mwili unafuka mvuke kama chungu kilichotoka motoni.

"Karibu, daktari wa jeli! Umekuja kuniona uchi?"

"Nimekuja kuona kidonda, mzee. Hayo mengine funika."

Urho akacheka, akanyoosha mguu wenye kidonda kwenye muundi. Jeli iliyopakwa humo Taimi ndiye aliyeipika, kwenye maabara ya mji wa Kuopio. Laini kama ute wa yai, imejaa chembe ndogo kupita vumbi, zinazong'aa kijani ukizimulika kwa taa ya zambarau. Kazi yake kukaa kidondani na kutoa dawa kidogo kidogo; ule mwanga ni wa kukuonyesha kwamba bado iko mahali pake.

Akawasha taa. Kidondani giza tupu.

Akaipandisha taa mguuni. Gotini, mstari mwembamba wa kijani. Pajani, mstari. Kwenye kinena, vidoa vinawaka kama macho ya paka.

"Mzee, umekaa humo ndani muda gani?"

"Kama kila Jumamosi. Mpaka mawe yachoke."

Jeli waliijaribu maabarani kwa joto la mwili, wakaijaribu kwa joto la homa kali. Sauna hakuna aliyeitaja. Nani huku huihesabu kuwa ni joto? Sasa jeli imejikunja, imezitema chembe zake mwilini. Na wale panya wa majaribio ambao chembe ziliwapanda kichwani hawakuamka tena.

"Vaa nguo, mzee. Naita gari la wagonjwa."

"La nini? Mimi mzima!" Kisha Urho akaonyesha kwa kidevu moshi ng'ambo ya shamba. "Au mwite na mama yako basi, tupande wote. Naye kashaingia sauna yake."

Mama yake, Hilja. Jeli yake iko shingoni, palipotolewa uvimbe. Hakuitaka, Taimi alimbembeleza mpaka akakubali.

Taimi alikata shamba mbio, akiita gari la wagonjwa, kisha akimpigia mama. Lakini nani huingia sauna na simu? Aliisikia ikilia jikoni alipopita dirishani.

Akausukuma mlango wa sauna. Joto, giza, maji yanachachatika juu ya mawe.

"Funga mlango, wewe! Unanimalizia mvuke." Sauti ya mama ilikuwa na furaha. "Njoo ukae."

Taimi akamulika shingo. Giza. Akapandisha taa usoni.

Mama alikuwa anatabasamu, na weupe wa macho yake ulikuwa unawaka kijani.