Mistari ya Wino Kifuani

Dada mtu alipenda usafi kupita kiasi. Mdogo wake alipougua uvimbe wa pafu na kuletwa kwake, alimwogesha mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, akimsugua hadi nyuma ya masikio.

"Dada, utanichubua! Mimi si sufuria."

"Afadhali sufuria, haina mdomo."

Walikuwa bado wanacheka kitambaa kilipotoka kifuani na rangi ya zambarau. Ile mistari aliyochorwa hospitalini, wakaonywa isifutike, ilikuwa imeyeyukia kwenye povu. Wote wawili wakanywea.

"Tukisema, nitarudishwa kupimwa upya," mgonjwa akanong'ona. "Na foleni ile unaijua. Chora tu, dada. Si unakumbuka ilivyokaa?"

Alidhani anakumbuka. Akachukua kalamu ya wino, akachora kwa kufuata ukingo wa kitana, akapuliza ikauke. Ilinyooka kuliko ya mwanzo. Wahudumu, wamezidiwa na wagonjwa, hawakuuliza kitu.

Wiki za matibabu ya mionzi zikapita. Asubuhi moja mashine ilichelewa kuwa tayari, na mdogo mtu akiwa anabadili nguo, fundi wa mionzi akaja kukaa benchini kando ya dada mtu.

"Hivi mwanangu, mle ndani ya mashine mna moto?" dada mtu akauliza.

"Hamna moto, mama. Mna bomba lililonyooka. Vichembe vya umeme visivyoonekana kwa macho vinaingia upande mmoja, mawimbi yanavisukuma, vinazidi kushika kasi, kama mtoto kwenye bembea ukimsukuma kila anaporudi. Mwisho vinagonga kipande cha chuma, na hapo ndipo miale inapotoka. Inapenya nyama hadi kwenye uvimbe."

"Na inajuaje uvimbe uko wapi?"

"Haijui kitu. Inapiga tunapoielekeza. Sisi tunafuata mistari."

Dada mtu akayasema yote, ya kitambaa, ya kalamu na ya kitana, huku fundi akiinuka taratibu.

Daktari alilinganisha picha. Mistari ilikuwa imehama upana wa vidole viwili. Miale iliugusa uvimbe pembeni tu, ikaunguza nyama isiyo na ugonjwa.

"Uti wa mgongo umeshapokea miale mingi," akasema. "Nikianza upya kwa kipimo kamili, atapooza. Nitampa kidogo, cha kutuliza maumivu."

"Na kupona?"

Daktari akatikisa kichwa.

Dada mtu alimkuta mdogo wake benchini, amevaa kanzu ya hospitali.

"Mbona hawaniiti? Wamesema nini?"

Akamwambia, bila kujitetea na bila kuficha. Mdogo mtu alisikiliza akizungushazungusha kamba ya ile kanzu kidoleni. Dada mtu alitamani atukanwe, apigwe hata kofi, watu wageuke wamtazame.

"Mama asiambiwe," mdogo wake akasema. Kisha akaomba asaidiwe kusimama.